Wikiendi ya kaskazi Mji Mkongwe: mwongozo kamili wa kupumzika, kuburudika na kumaliza kitabu kimoja

Joto la kaskazi huanza kukaza Desemba na halilegei mpaka masika yapige hodi mwezi wa Machi. Kwa sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam Jumatatu hadi Ijumaa, hii ni miezi ya feni usiku kucha na shati linaloganda mgongoni kabla hujafika kituo cha daladala. Wengi hukimbilia ufukweni Jumamosi saa sita, jua likiwa utosini, wakarudi jioni kichwa kinagonga. Halafu husema wikiendi haikutosha.

Hutosha, ukiliachia jua lipange ratiba. Asubuhi ni ya miguu, mchana ni wa kivuli, alasiri ni ya maji, usiku ni wa chakula na muziki. Yale masaa ya kivuli ambayo watu huyahesabu kuwa yamepotea ndiyo bora kuliko yote kwa kusoma, maana hakuna anayekudai chochote: mji wenyewe umefunga madirisha. Mwongozo huu nimeujenga juu ya masaa hayo. Ni wa siku mbili na usiku mmoja, kutoka Dar es Salaam hadi Mji Mkongwe wa Unguja, na kurudi ukiwa umemaliza kitabu kizima. Sitakupeleka Nungwi wala Paje. Huko ni kuzuri, lakini kila saa unayoikaa barabarani umeitoa kwenye kitabu au kwenye bahari.

Kuchagua tarehe: tazama mwezi wa angani

Kabla hujafungua kalenda ya kazini, uliza mwezi una siku ngapi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nguvu yake hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, yaani karibu na tarehe mosi na kumi na tano za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu baada yake, tunakuwa kwenye bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana.

Unguja, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne. Kwa ratiba yetu hiyo ni bahati kubwa. Unafunga kitabu saa kumi alasiri, unashuka, na bahari imekuja yenyewe mpaka ukutani. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kama saa nne asubuhi, na alasiri unakuta mchanga na mawe. Kujaa huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua saa ya leo unaweza kukisia ya keshokutwa kwa vidole. Ukiweza kuchagua, chagua Jumamosi ya bamvua. Usipoweza, hamishia kuogelea Jumapili asubuhi na usogeze mambo mengine.

Kisha Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu umekuwa ukiangukia ndani ya kaskazi. Mchana wake hakuna kula wala kunywa hadharani, na mikahawa mingi haifunguki mpaka magharibi. Usiku wa Ramadhani Unguja una raha yake, tena kubwa, lakini ni safari ya namna nyingine na inataka mwongozo wake.

La mwisho ni tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu 2004 huwa mwezi wa Februari. Kama unapenda muziki wa jukwaani, nenda wakati huo na uache kitabu nyumbani, kwa sababu hutakisoma. Kama unataka utulivu, kwepa wikiendi hiyo. Vyumba hujaa na bei hupanda.

Kuchagua kitabu: fanya hesabu kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Hubeba vitabu vitatu na kurudi na vitatu visivyosomwa. Piga hesabu: ukipanda boti ya asubuhi una kama saa moja na nusu ya kusoma kwa utulivu, Jumamosi mchana una masaa mawili na nusu ukitoa usingizi, Jumapili asubuhi moja na nusu, boti ya kurudi moja na nusu tena. Jumla ni saba. Msomaji wa kawaida wa riwaya ya Kiswahili, bila haraka, humaliza kurasa 25 hadi 30 kwa saa. Basi kitabu chako kiwe cha kurasa 200 au pungufu kidogo. Kikizidi hapo hutakimaliza, na kitabu kilichokatwa katikati na Jumatatu hukaa juu ya kabati mpaka mwaka mwingine.

Shauri langu la pili ni kwamba kitabu kiwe na uhusiano na mahali unapokwenda. Raha ya kusoma ukurasa wenye jina la mtaa, kisha kushuka ngazi na kuukuta mtaa wenyewe na watu wake, huwezi kuipata sebuleni Tabata.

Kwa anayetaka riwaya, Adam Shafi ndiye wa kuanza naye. Kuli, iliyotoka 1979, inamfuata Rashidi, kijana wa familia ya wachukuzi wa bandarini, mpaka kwenye mgomo wa makuli, na utaisoma ukielekea bandari ile ile. Vuta N'kuvute, ya 1999, ni ndefu zaidi. Inaanza na Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, na kumwingiza katika harakati za kupigania uhuru. Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Nakushauri usome kwanza, filamu uiache mpaka utakaporudi, ili nyuso za watu uzijenge mwenyewe.

Kwa anayetaka kitabu chembamba, na hiki ndicho ninachowapa marafiki wanaokwenda mara ya kwanza, kuna Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba kama mwaka 1880 katika ufukara, akauza vyungu, akaja mjini, akawa sauti ya taarab ya Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950. Unaweza kumsoma mchana mmoja na usiku ule ule ukaketi mbele ya ala za kanuni na udi. Sijapata kuona kitabu na mji vikishikana hivyo.

Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Unguja kupata Tuzo ya Nobel, ni nzuri mno, ila usiitarajie ikutembeze vichochoro vya Mji Mkongwe. Ni hadithi ya bara na misafara. Isome, lakini wikiendi nyingine.

Ongeza diwani moja ndogo ya mashairi, mshairi yeyote umpendaye. Shairi ni la dakika kumi: unaposubiri chakula, unapokausha nywele. Halihesabiwi kwenye yale masaa saba.

Nunua kitabu ifikapo Alhamisi. Duka la vitabu la TPH lililopo Mtaa wa Samora huweka vitabu vya Kiswahili, na pembezoni mwa mitaa ya Posta kuna wauza vitabu vya mitumba ambao ukiwaambia unachokitaka leo, kesho huenda wamekitafuta. Ukifika nacho nyumbani soma kurasa kumi za mwanzo usiku wa Ijumaa. Hizo kurasa kumi ni muhimu. Kitabu usichokianza kabla ya safari hugombana na msisimko wa boti na kushindwa.

Mkoba

Begi moja la mgongoni linatosha. Weka kitabu, diwani, penseli, chupa ya maji, kofia au mtandio, nguo mbili nyepesi zinazofunika mabega na magoti, nguo ya kuogelea, kandambili, tochi ndogo kwa ajili ya kukatika kwa umeme, na kanga mbili. Kanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la dirisha lenye jua, na ndiyo ya kufungia kitabu kisiloe. Mifuko ya plastiki iache, imepigwa marufuku Bara na Visiwani. Niliwahi kuweka riwaya wazi ndani ya begi pamoja na nguo mbichi za kuogelea. Kurasa zilivimba, gundi ikaachia, na sura mbili za mwisho nilizisoma zikiwa karatasi mkononi. Tangu siku hiyo kitabu nakifunga kama mtoto mchanga.

Simu itachukua picha na kukupa saa za maji kujaa. Isomee vitabu kama huna njia nyingine, lakini skrini juani haionekani, na arifa moja ya kazini inatosha kukuharibia mchana.

Boti

Panda boti ya kwanza, saa moja asubuhi. Uwe bandarini saa kumi na mbili, tiketi umeshainunua siku moja au mbili kabla kwenye ofisi ya kampuni au mtandaoni. Beba kitambulisho, utaulizwa. Watanzania na wakazi hulipa kwa shilingi na bei yao ni nafuu kuliko ya wageni. Wasio Watanzania wabebe pasipoti na waulize mapema habari ya bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024. Nje ya geti utazungukwa na watu wanaotaka kubeba begi lako au kukuuzia tiketi. Begi la mgongoni hulihitaji mchukuzi, na tiketi unayo. Salimia, shukuru, pita.

Safari ni kama masaa mawili. Pepo za kaskazi huweza kuchafua mkondo, hasa Januari na Februari, na boti iendayo kasi huruka juu ya mawimbi badala ya kuyapasua. Kaa chini na katikati kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Kula kitu chepesi nusu saa kabla, chapati kavu au ndizi, na tafuna tangawizi. Ukihisi kichefuchefu funga kitabu mara moja, tazama upeo wa bahari, pumua. Usijilazimishe, kitabu kitakungoja.

Boti inaelekea kaskazini, na jua la asubuhi liko mashariki. Kaa upande wa kushoto, upate mwanga bila jua.

Chumba

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita, na upana wa vyumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta hizo hunywa joto taratibu, kwa hiyo chumba cha ghorofa ya kwanza au ya pili hukaa kimepoa hadi alasiri. Chumba cha juu kabisa, chini ya mabati, kina mandhari ya kupendeza na hakisomeki kuanzia saa tano. Uliza mambo manne tu: ghorofa gani, dirisha linatazama wapi (kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, upate upepo), kuna feni na chandarua, na kuna kiti chenye egemeo. Cha mwisho watu hawakiulizi. Kitanda hulaza, anayetaka kumaliza kitabu anahitaji kiti.

Acha begi ukifika hata kama chumba hakijawa tayari. Kutoka bandarini Malindi hadi katikati ya mji ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Jumamosi asubuhi: kuusoma mji

Una kuanzia saa tatu na nusu hadi saa sita kasoro. Anza na tumbo: mkate wa ufuta, mbaazi za nazi, vitumbua, chai ya viungo. Kisha nenda Darajani, soko lililojengwa 1904, kabla wauza samaki hawajamaliza. Wakati huu wa mwaka tafuta maembe boribo. Nunua matatu, mawili ya mchana, moja la kesho.

Karibu na hapo, mtaa wa Mchangani, kuna maduka ya kanga. Simama mbele ya duka moja usome majina yote yaliyotundikwa, polepole, kama unavyosoma beti. Kila kanga ina jina lake, na wanawake wa mji huu wamekuwa wakisemezana kwa majina hayo vizazi na vizazi bila kufungua mdomo. Mwulize mwenye duka ni jina gani linalonunuliwa sana sasa. Atakueleza, na maelezo yake utayakumbuka kuliko kanga.

Shuka mpaka Mkunazini, penye kanisa la Kianglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Usipite haraka. Mahali hapa panauma, na panastahili kuuma. Kwa msomaji kuna jambo la zaidi: Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye aliyekusanya hadithi za Waunguja kutoka vinywani mwao na kuzichapa 1870. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja, lahaja ya mji huu, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ya kitabu kilicho mkobani mwako ilisanifiwa kutokana na wanachozungumza watu unaopishana nao kichochoroni. Tega sikio: skuli, siyo shule.

Halafu potea. Usiwashe ramani. Vichochoro vyote mwishowe hutokea baharini au barabara kubwa, na kivuli kiko kila mahali. Angalia milango: yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa, ni ya mtindo wa Kiarabu, yenye tao juu na misumari mikubwa ya shaba imechukua mtindo wa Kihindi. Ukikuta wazee wamekaa barazani, salimu kwanza, “Assalaam aleikum,” uitikiwe, ndipo upite au uulize njia. Picha za watu omba ruhusa.

Saa sita kasoro robo, rudi. Hata kama unaona unaweza kuendelea, rudi.

Jumamosi mchana: masaa ya kivuli

Oga maji ya baridi. Kula kidogo: wali na samaki wa kupaka ukipata, nusu sahani, maana sahani nzima italala na wewe. Funga dirisha la upande wa jua na utundike kanga; fungua la upande wa pili. Zima simu, siyo kuigeuza kifudifudi. Weka maji na embe lililokatwa karibu na kiti.

Soma saa nzima ya kwanza bila kusimama. Dakika kumi na tano za mwanzo akili itatangatanga, itakumbuka bili ya umeme, itataka kujua matokeo ya mpira. Usiifokee na usiinuke. Rudia aya uliyoipoteza na uendelee. Mara nyingi baada ya kurasa kumi hivi jambo hubadilika, unaanza kusikia watu wa kitabuni wakisema kwa sauti zao. Kama riwaya ina watu wengi, andika majina yao kwa penseli nyuma ya jalada, na nani ni nani kwa nani. Neno usilolijua lipigie mstari na upite. Vitabu vya waandishi wa Unguja vina maneno ambayo msomaji wa Bara hayajui, na kesho utakuwa na wa kumwuliza.

Kisha lala. Dakika 30, siyo zaidi, weka kengele. Huo ni usingizi halali na nusu ya raha ya siku hii iko ndani yake. Ukiamka soma mpaka saa kumi kasoro robo. Ukihisi macho mazito, simama na usome beti mbili za diwani kwa sauti. Shairi la kawaida lenye mizani kumi na sita kila mshororo hukupa mapigo kama ngoma. Mdomo ukishachangamka, macho hufuata.

Mkiwa wawili, mjaribu kusomeana: sura moja wewe, sura moja yeye. Ni polepole, hamtamaliza kitabu, lakini mtakizungumzia mwaka mzima. Na kama kuna watoto, kila mmoja awe na kitabu chake na saa moja tu ya kimya. Zaidi ya hapo ni kuwatesa. Waachieni karata au dhumna.

Alasiri: maji

Kwenye bamvua, saa kumi na robo uwe pwani. Kuogelea karibu zaidi ni Shangani, ingawa vyombo hupita na kutia nanga, kwa hiyo kaa karibu na ufukwe na uangalie chini. Anayetaka nafasi apande daladala ya 502 hadi Bububu, kilomita kama kumi kaskazini mwa mji, ashukie pwani ya Fuji. Nguo za kuogelea ni za majini. Ukitoka, jifunge kanga kabla hujagusa barabara.

Saa kumi na mbili kasoro rudi Forodhani. Wakati huu vijana huanza kuruka kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa sarakasi za kukata pumzi. Hao wanakijua kina cha kila hatua. Wewe tazama tu, hasa maji yakiwa yameanza kupwa, kwa sababu chini kuna mawe. Nyuma yako utaona Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, au sehemu yake iliyobaki: upande mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Nilisoma mara nyingi nikiwa nimeegemea nguzo zake. Sasa nikipita hapo huinua macho kisha nikayashusha.

Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Usisome wakati huo. Hata kidogo.

Usiku: urojo kwanza, taarab baadaye

Bustani ya Forodhani hugeuka jiko kuanzia magharibi. Agiza urojo, na uukubali kama ulivyo: mchuzi mzito wenye uchachu wa embe bichi na ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, juu yake chatne ya nazi, chipsi nyembamba za muhogo na pilipili. Uulize bei kabla ya kila kitu, na mwambie muuzaji kiasi cha pilipili kabla hajainua kijiko. Vyakula vya baharini chagua vinavyopikwa mbele yako vikatoka motoni; vilivyokwisha kupoa na kurudishiwa moto viache. Malizia na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Pweza ukimpenda, kula. Mimi huona urojo unatosha.

Taarab haina uhakika wa kila usiku, ndiyo maana uliza mchana, kwa mwenyeji wako au Ngome Kongwe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 17 na ambayo ua wake hutumika kwa maonyesho. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club ndivyo vikundi vikubwa vya taarab asilia. Ukibahatika kuwakuta wakifanya mazoezi utapata zaidi ya tiketi ya hoteli yoyote, ila omba ruhusa na ukae pembeni. Wanafunzi wa chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofunguliwa 2002, nao hupiga mara kwa mara mjini.

Ukiketi, sikiliza kwanza ala: kanuni, udi, nai, fidla, akodiani, dumbaki. Utangulizi wa ala ni mrefu na wengine huuona wa kupoteza muda. Vumilia, ndio unaokuandaa. Mwimbaji akianza, hesabu mishororo. Nyimbo nyingi za taarab asilia hushika beti za mishororo mitatu na kurudia kiitikio. Beti ikikugusa, inuka taratibu, mtunze mwimbaji kwa noti mkononi, urudi kukaa. Chenji iandae mapema. Na kama ulikuwa unasoma maisha ya Siti mchana, hapa utakaa kimya zaidi ya wenzako wote.

Jumapili

Amka na adhana. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu mji ni wako: mawe yamepoa, paka wamelala vizingitini, muuza boflo anapita na baiskeli. Tembea bila shabaha mpaka Soko Mohogo, penye baraza ambalo watu huliita Jaws Corner, ukae kwenye jiwe unywe kahawa chungu kutoka kwenye dele, vikombe vidogo viwili vitatu, na kashata. Watu hapa husoma magazeti, hubishana siasa na mpira, hucheza dhumna kwa kishindo. Toa kitabu chako. Haitapita robo saa kabla mtu hajauliza unasoma nini, na hapo ndipo unapotoa yale maneno uliyoyapigia mstari. Mara nyingi nimepata maana mbili tofauti za neno moja kutoka kwa wazee wawili waliokaa jiwe moja, pamoja na kisa cha kuthibitisha kila moja. Kamusi haikupi kisa.

Baada ya hapo una saa moja na nusu ya kusoma, barazani penye kivuli au ndani ya Ngome Kongwe. Kama ni wikiendi ya maji mafu, toa muda huu kwa bahari na usome saa tano hadi saa saba. Changuu, kisiwa chenye makobe wakubwa, ni kama nusu saa kwa mashua na ni pazuri, lakini kinakula asubuhi nzima. Kitabu kikiwa kimebaki zaidi ya kurasa 60, achana na kisiwa safari hii.

Kula mchana mapema, lipa chumba, na uwe Malindi saa moja kabla ya boti ya alasiri. Jumapili hujaa, na tiketi ya kurudi iwe umeikata tangu Dar es Salaam. Boti sasa inaelekea kusini na jua limehamia magharibi, kwa hiyo kaa tena kushoto. Fungua kitabu boti inapoiacha bandari. Kurasa 35 au 40 zilizobaki zitakufikisha karibu na Magogoni.